Chunusi za ukubwani: asali ya mama mkwe, vidonge vya mwenzangu na dawa nilizoziacha

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Tabora mjini. Nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka mitano. Nilipokuwa msichana sikusumbuliwa na chunusi, na bwenini nilikuwa nikiwaonea huruma wenzangu waliokuwa nazo. Zangu zimekuja ukubwani. Zilianza kidevuni mtoto alipokaribia miaka mitatu, zikafuata taya hadi shingoni, na si vile vipele vidogo vyenye kichwa cheupe, bali ni mavimbe magumu yanayouma kabla hata hayajaonekana, na kila moja likipoa huacha doa jeusi linalokaa kwa miezi. Nasimama mbele ya kidato cha pili nikiwa na chunusi nyingi kuliko wanafunzi wangu. Mmoja wao, binti mwenye adabu kabisa, alinifuata baada ya kipindi akaniuliza ninatumia nini usoni, ili yeye akiepuke.

Tunaishi Ipuli pamoja na mama mkwe wangu, aliyehamia kwetu kutoka Sikonge baada ya baba kufariki. Mume wangu anafanya kazi Urambo na hurudi mwisho wa juma, kwa hiyo siku nyingi tuko watatu nyumbani: mama, mtoto na mimi. Mama ananipenda, nami ninampenda. Alipouona uso wangu aliuchukua kama kazi yake. Kila jioni hutwanga majani ya mwarobaini, akachanganya na asali ya kwao, manjano na maji ya ndimu, kisha hunipaka kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi hunipa mimi na mtoto mtindi anaougandisha kwenye kibuyu kwa maziwa ya jamaa yetu mfugaji, maziwa ambayo hayachemshi kwa sababu anasema yaliyochemshwa hayagandi. Ndimu huniwasha sana. Nikilalamika hunijibu kwamba dawa isiyouma haiponyi.

Kazini nina mwalimu mwenzangu anayeuza vidonge vya probayotiki, yaani vya bakteria hai wa kumeza, kopo la mwezi mmoja shilingi 65,000. Anasema chunusi zote chanzo chake ni tumbo, kwamba bakteria wabaya wamewazidi bakteria wazuri, na kwamba vidonge vyake vitarudisha mizani. Chunusi zilipoongezeka baada ya kuanza kuvimeza, aliniambia hizo ni sumu zinatoka na nisithubutu kuacha. Nilikuwa pia nimekwenda hospitali, nikaandikiwa vidonge vya antibayotiki iitwayo doksisaiklini na krimu ya benzoili peroksaidi. Krimu ilinikausha hadi ngozi ikabanduka, na mwenzangu aliposikia kuhusu antibayotiki alishtuka, akasema ninawaua bakteria wale wale ninaowanunua kwake. Dawa za hospitali nikaziacha kabla mwezi haujaisha. Sasa dada wa saluni ananishauri krimu ya kuondoa madoa, anayoipima mwenyewe kwenye vikopo visivyo na maandishi.

Mume wangu hasemi neno baya. Anasema mimi ni yule yule. Anachotaka ni tupate mtoto wa pili mwakani, nami nataka. Kwa sasa natumia sindano ya miezi mitatu, niliyoianza mtoto alipoacha kunyonya, akiwa na miaka miwili.

Naomba unishauri. Je, niendelee na tiba asilia na vidonge, ambavyo angalau havina kemikali, au nirudi hospitali? Na nikirudi, nitamwambia nini mama, ambaye ataona nimeukataa mkono wake?

Mwalimu, Tabora

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu. Kabla ya yote niseme kwamba mimi si daktari wa ngozi. Ninachoweza ni kukusaidia kuyapanga upya mambo uliyoyaandika, ili uamuzi utakaoufanya uwe wako. Ninavyokuelewa, una uso mmoja unaohudumiwa na watu watatu ambao hawajawahi kuzungumza wao kwa wao, na kila mmoja ana sehemu ya hoja. Wewe umewagawa katika kambi mbili, asilia na hospitali, na unaona kwamba kuingia moja ni kuisaliti nyingine. Mgawanyo huo ndio ninaotaka tuutazame kwanza, kwa sababu sina hakika kama unakusaidia.

Chunusi hutokea pale kitundu cha kinyweleo kinapozibwa na seli zilizokufa pamoja na mafuta ya ngozi. Humo ndani huongezeka bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, na mwili hujibu kwa uvimbe. Kinachoziamuru tezi zitoe mafuta mengi ni homoni za jamii ya androjeni, ambazo wanawake nao wanazo, na ndiyo maana kwa mwanamke aliyevuka miaka 25 chunusi hupenda sana kidevu na taya. Uchafu hauhusiki, na wala hujachelewa kubalehe.

Kwa kuwa homoni zimo, nilisimama kwenye sentensi ambayo wewe uliipita haraka. Sindano ya miezi mitatu ina homoni ya jamii ya projestini peke yake, na chunusi ni mojawapo ya mambo ambayo baadhi ya wanawake huyapata wakiitumia, kama ilivyo pia kwa vipandikizi vya mkononi. Sisemi ndiyo iliyokuletea. Wanawake wengi huchoma sindano hiyo miaka na miaka bila kipele. Lakini kwa hesabu ya umri wa mtoto uliyonipa, chunusi zako zilianza ukiwa katika mwaka wa kwanza wa sindano, au muda mfupi baadaye, na sijaona mahali ambapo yeyote kati ya washauri wako alikuuliza habari hiyo. Kuna jambo jingine lililofungamana nalo. Mtaalamu anayemwona mwanamke mzima mwenye chunusi za taya hupenda kujua kama hedhi yake huja kwa mpangilio, na kama ana nywele zinazoota kidevuni au kifuani, kwa maana dalili hizo zikiambatana zinaweza kuonyesha hali ya ovari yenye vifuko vingi, ambayo kwa baadhi ya wanawake huchelewesha mimba. Sindano yenyewe huvuruga hedhi au huikatisha kabisa, kwa hiyo kwako dalili hiyo imefunikwa. Hedhi yako ilikuwaje kabla ya mtoto wa kwanza? Mimba ile ilichukua muda gani kushika?

Ungeweza kuiacha sindano, na huenda uso ukatulia au usitulie, hakuna atakayekuahidi. Ninachojua ni kwamba baada ya sindano ya mwisho uwezo wa kushika mimba hukawia kurudi, kwa wastani miezi tisa hadi kumi, hivyo mtoto wa mwakani ni suala la kuzungumzwa sasa, hata kama uso wako ungekuwa safi. Ukihitaji kinga ya muda, kitanzi cha shaba hakina homoni. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili huwapunguzia wengi chunusi, ila havimfai mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye aina fulani ya kipandauso, wala mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Mazungumzo hayo yafanyike kliniki ya uzazi wa mpango.

Tuje kwa mama. Katika mchanganyiko wake kuna kitu kimoja ambacho sitakizungukia: ndimu. Maji ya ndimu yana asidi kali kuliko ngozi inavyoweza kuivumilia kila siku, na mabaki yake yakikutana na jua huweza kuunguza na kuacha weusi. Ngozi yetu nyeusi kila inapokerwa, iwe kwa kipele, kucha au asidi, hujibu kwa kuongeza rangi mahali pale. Kwa hiyo sehemu ya madoa unayoyalaumu kwa chunusi inaweza kuwa ya ndimu. Nikuulize pia: wakati ule krimu ya hospitali ilipokubandua ngozi, mama alikuwa ameacha kukupaka jioni? Kama hakuacha, umeihukumu krimu kwa kosa ambalo huenda ni la wawili.

Asali ni habari nyingine. Ile sukari nyingi, ile asidi kidogo na ile hidrojeni peroksaidi inayotokea ndani yake huzuia bakteria, na hata hospitalini zipo asali zilizotayarishwa kwa ajili ya vidonda. Ila kidonda kilicho wazi na tundu lililoziba chini ya ngozi ni vitu viwili. Huko New Zealand mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 136 wenye chunusi, ambapo nusu walitumia sabuni ya kuua vijidudu peke yake na nusu waliongeza asali ya mti wa kanuka kwa wiki 12. Asali haikuonyesha faida ya ziada. Hiyo ni asali yao, si ya nyuki wa miombo ya Sikonge, lakini nisingependa uamini kwamba yetu imethibitishwa kwa sababu tu ni yetu. Madhara yake usoni ni madogo kwa mtu asiye na mzio, na ukiipaka bila ndimu, ukainawa baada ya dakika chache, sioni cha kukutisha. Manjano na mwarobaini wa kupaka huwakera baadhi ya watu, wengine hapana. Ila usikubali kunywa dawa ya mwarobaini wakati unatafuta mimba.

Wala usinielewe vibaya, kwamba kila kitokacho mtini ni cha kudharauliwa. Nchini Australia, mwaka 1990, mafuta ya mti wa melaleuka (kwa Kiingereza "tea tree") ya asilimia 5 yalilinganishwa na benzoili peroksaidi ya asilimia 5 kwa watu 124, na yote mawili yalipunguza chunusi. Ya mti yalichelewa zaidi lakini yalikera kidogo. Tofauti ni kwamba yalipimwa kwa kiwango kinachojulikana. Hapo ndipo neno lako la kutokuwa na kemikali linaponipa shida, mwalimu. Ndimu ina kemikali, asali ina kemikali, na kopo la mwenzako halikuanguliwa na kuku.

Mwenzako hakulitunga wazo la tumbo. Mwaka 1930 madaktari wawili wa Marekani, John Stokes na Donald Pillsbury, waliandika kwamba msongo wa mawazo huvuruga bakteria wa tumbo na kwamba mvurugo huo huchochea ngozi, wakapendekeza maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria. Mama mkwe wako angewaelewa haraka. Tangu hapo zimefanyika tafiti kadhaa, nyingi zikiwa ndogo. Ya Italia, iliyochapishwa 2016, ilikuwa na watu wazima 20 tu. Waliomeza aina moja ya bakteria wa jamii ya Lactobacillus rhamnosus kwa wiki 12 walionekana kupata nafuu zaidi ya wale waliopewa kimiminika kisicho na bakteria hao. Nyingine ya 2013 iligawa wanawake 45 katika makundi matatu: probayotiki, antibayotiki iitwayo minosaiklini, na zote mbili kwa pamoja. Kundi la zote mbili ndilo lililofanya vizuri zaidi. Ulipoambiwa kwamba huwezi kutumia dawa ya hospitali na probayotiki kwa wakati mmoja, uliambiwa kinyume cha kile ambacho utafiti huo ulikiona, ingawa ni kweli kwamba antibayotiki haichagui sana wa kuua na kwamba haifai kumezwa miezi na miezi.

Kwa hiyo vidonge vile si ulaghai mtupu, wala si tiba iliyothibitishwa. Matokeo ya aina moja ya bakteria hayahamii kwa nyingine, na bakteria hai hufa kwa joto. Ungeweza kutazama kama kopo linataja aina kwa jina lake kamili, kiasi chake na namna ya kulihifadhi, kisha ujiulize limepitia maghala na mabasi gani hadi kufika Tabora mwezi wa Oktoba. Lakini maneno ya sumu kutoka siyakubali. Chunusi zikizidi huenda zimezidi tu, na maelezo yanayogeuza kila kuzidi kuwa dalili ya kupona hayatakupa kamwe siku ya kusema kwamba dawa imeshindwa. Muuzaji ana faida katika kopo linalofuata. Hilo halimfanyi mbaya, ila ulikumbuke unapomsikiliza.

Mtindi wenyewe nao una bakteria hai, kwa bei ambayo haikupi mawazo, na kama chakula unakufaa wewe na mtoto. Zipo tafiti zinazohusisha unywaji wa maziwa na chunusi, lakini uhusiano huo haujathibitisha kwamba maziwa ndiyo chanzo. Mashaka yangu ni maziwa yasiyochemshwa. Brusela, bakteria anayeleta ugonjwa kutoka kwa mifugo, hupita humo, uchachu haumuui kwa uhakika, na kwa mjamzito ugonjwa huo unaweza kuharibu mimba. Tena mtoto wa miaka mitano anakunywa kibuyu hicho hicho. Maziwa yaliyochemshwa huganda vizuri yakipozwa hadi uvuguvugu na kutiwa kijiko cha mtindi wenye bakteria hai kama mbegu, ilimradi mbegu ya kwanza nayo itokane na maziwa yaliyochemshwa, isiwe ya kibuyu cha sasa. Kibuyu nacho kingepumzishwa, au ugandishie kwenye chombo kinachosafishika kwa maji ya moto.

Kuhusu hospitali, mambo mawili huwachosha watu mapema. Dawa nyingi za chunusi huhitaji wiki nane hadi 12 ndipo zihukumiwe, na benzoili peroksaidi huanza kwa kukausha. Kiwango cha asilimia 2.5 kimeonekana kufanya kazi karibu sawa na cha asilimia 10 huku kikikera kidogo, kwa hiyo waweza kuuliza kama ulichopewa kilikuwa kikali, na kama inafaa kupaka safu nyembamba, usiku mmoja mmoja ukiruka, juu yake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Krimu hiyo hupausha rangi ya taulo na foronya. Usilalie kitenge unachokipenda. Hatari iliyo kubwa zaidi kwako ni mimba. Doksisaiklini haitumiki kwa mjamzito, krimu za jamii ya retinoidi, zinazohusiana na vitamini A, huepukwa, na isotretinoini ya kumeza, ya jamii hiyo hiyo, huharibu kabisa kiumbe tumboni. Asidi ya azelaiki, kwa upande mwingine, huruhusiwa kwa kawaida, na husaidia hata madoa. Ukirudi, sentensi yako ya kwanza iwe kwamba unatafuta mtoto. Si lazima aliyekuona mwanzo ndiye akuone tena. Hospitali ya rufaa ya KCMC kule Moshi imekuwa ikifunza wataalamu wa ngozi tangu 1992, nawe waweza kuulizia ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye mtaalamu wa aina hiyo, au wataalamu hao huitembelea lini.

Vikopo vya saluni naomba uviache kabisa. Krimu za kutakatisha zisizo na maandishi mara nyingi ni mkorogo wenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi hukupa wiki chache za uso laini, kisha hukuletea chunusi zake yenyewe na ngozi nyembamba. Zebaki hudhuru figo na mtoto aliye tumboni.

Limebaki la mama. Unaogopa kwamba ataona umemkataa, lakini je, amewahi kusema hivyo, au ni wewe unayemsemea? Mwanamke aliyefiwa na mume, akahamia mji usio wake, akapata jioni ya kukaa karibu nawe na kukushika uso, huenda anachokilinda ni ile jioni kuliko ile ndimu. Ungeweza kumwomba mume wako aongee naye. Faida yake ni kwamba kwa mwanawe atasikia haraka, na hatari yake ni kuona kwamba umemshitaki kwa mwanawe. Ungeweza kumwalika mkaenda kliniki pamoja, amsikie mtaalamu mwenyewe, ingawa mbele yake huenda ukashindwa kuyasema ya hedhi na ya sindano, hasa kama hajui kwamba unaitumia. Au ungeweza kuanza na mjukuu: kumwambia kwamba unamtafutia mjukuu wa pili na kwamba kwa sababu hiyo maziwa yachemshwe na ndimu ipumzike, huku asali na jioni zikibaki mikononi mwake. Wewe unamjua, mimi namjua kwa barua moja.

Lolote utakalolianza, badilisha kitu kimoja kwa wakati na ukipe wiki zake, vinginevyo hutajua kilichokusaidia wala kilichokuunguza. Ukienda kliniki, chukua kadi yako ya uzazi wa mpango, boksi la krimu uliyoiacha na lile kopo la vidonge, umwonyeshe atakayekuhudumia. Kisha uniandikie kuhusu hedhi yako ilivyokuwa, maana swali hilo bado ninalisubiri.